Nilivyopasuliwa ngiri, na yule sista wa usingizi

Mimi ngiri nimeilea miaka mitatu aisee. Kazi yangu kubeba mabelo ya mitumba pale Karume, belo moja kilo 45, sasa beba hayo kutwa nzima uone, kikatokea kitu kwenye kinena saizi ya limao, nikilala kinarudi ndani, nikisimama kinatoka tena. Mizizi nimekunywa ya kila aina, ya Mmasai, ya babu mmoja wa Mbagala, hamna kitu. Na kilichokua kinanichelewesha hospitali sio kisu wala hela, ni usingizi. Kijiweni kila mtu ana mjomba wake alipigwa nusu kaputi hakuamka, na shangazi yake alichomwa sindano ya mgongo kiuno kikaisha moja kwa moja.

Mwishowe likawa linauma usiku, nikaenda hospitali moja ya serikali hapahapa Dar, nikalazwa, nikaambiwa kesho asubuhi unapasuliwa, kuanzia saa sita usiku usile kitu. Mi nikaona hawa wanatutesa tu. Mke wangu alikua ameniachia chupa ya chai ya maziwa na maandazi kwenye kabati, saa kumi na moja alfajiri nikanywa na kula gizani kama mwizi, nikafuta mdomo, nikalala.

Saa mbili akaja dada mmoja mfupi, barakoa usoni, akaniambia yeye ndio mtu wangu wa usingizi. Nikajua daktari, kumbe nesi, kafanya wodini miaka mingi ndio akarudi chuo kusomea usingizi. Baadae ndio nikajua hospitali zetu nyingi kazi hiyo wanaifanya wao, madaktari bingwa wa usingizi wachache na wengi wako hospitali kubwa. Akaanza maswali. Umewahi kupasuliwa? Kuna dawa inakudhuru? Unavuta sigara? Pombe? Unakoroma? Kuna ndugu yako alipata shida alipopigwa usingizi wa kupasuliwa? Mitishamba je, nikamwambia ya Mmasai akaandika bila kucheka. Akaniambia fungua mdomo wote, toa ulimi, akachungulia, akanishikashika jino moja la mbele linalocheza, akaniinua kidevu kuona shingo inapinda mpaka wapi. Nikawaza huyu anataka kunipasua ngiri au koo. Kumbe anaangalia kama nikizidiwa na ikabidi anipitishie mpira wa kupumulia, njia itakua rahisi au ngumu.

Halafu akauliza, "Mara ya mwisho umekula saa ngapi kaka?" Nikasema jana jioni. Akaniangalia. "Na kunywa?" Maji kidogo. Akafunga faili akasogea karibu, akaongea chinichini wenzangu wasisikie. "Kaka yangu, mi sio mwalimu wako, sikuchapi. Mi nakuchoma mgongoni, lakini ganzi ikigoma nakulaza kabisa, na ukilala vile koo linakua halina mlinzi, chakula kikipanda kutoka tumboni kinaingia kwenye mapafu. Ukinidanganya anayeumia sio mimi."

Nikaona aibu hiyo. Nikamwambia sista, nimekunywa chai. Na andazi.

"Mangapi?"

Mawili.

Basi akacheka, akanambia maji matupu ningekunywa mpaka masaa mawili kabla isingekua kesi, lakini chakula ni masaa sita, na maziwa yanahesabika chakula. Nikaahirishwa mpaka wiki inayofuata, wodi nzima wakanipa jina la Andazi, mke wangu akanisema mpaka nikatamani nirudi wodini.

Lakini ile kuahirishwa ndio iliyonisaidia, maana kabla hajaondoka nilimshikilia nikamtolea hofu zote za kijiweni. Kuhusu mgongo akanieleza hivi, uti wenyewe, ile kamba ya neva ndani ya mifupa ya mgongo, unaishia juu ya pale anapochoma, huku chini zimebaki nyuzi tu zinaelea kwenye maji kama tambi kwenye supu, sindano ikija zinakwepa. Mgongo unaweza kuuma siku mbili tatu pale ilipoingia. Kitu cha kurudi nacho hospitali ni kichwa, kikiuma ukikaa na kikiacha ukilala, hapo ujue yale maji yanavuja kwenye kitundu, na ndio maana wanatumia sindano nyembamba sana. Sikuambiwa hamna hatari kabisa, niliambiwa ipi ni ipi, na hiyo ndio ilinituliza kuliko wale waliokua wananiambia "usiogope" tu.

Wiki iliyofuata naingia thieta sijala kweli, njaa inaniuma. Baridi mle ndani usiombe. Nikakaa pembeni ya meza, nikapewa mto nikumbatie, sista yuko nyuma yangu, "jikunje kama kamba, wale wa baharini wanaouzwa Feri, toa mgongo huku nyuma." Pamba ya baridi, kisindano kidogo cha ngozi kinauma kama siafu, halafu nikasikia kama mtu ananisukuma kwa kidole, basi. Matako yakaanza kupata moto, miguu ikawa mizito, ikawa sio yangu. Akanilaza, akachukua pamba ya spiriti akanipaka begani, "baridi?" Ndio. Akapaka tumboni, baridi imepotea, najua kaniguza ila kama kamgusa mtu mwingine. Akanionya mapema kwamba nitasikia kuvutwavutwa ila sio maumivu. Kabla ya kukata wote wakasimama wakasoma jina langu na upande gani unapasuliwa, utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa tangu 2008, ila mi pale nilijua wananisomea dua.

Sasa hapo katikati ndio nilipata mtihani. Jasho jembamba likanitoka, kichefuchefu, sauti za watu zikawa zinaenda mbali. Nikasema "sista" hata sijamaliza, nikaona dripu inakimbia, bomba la sindano lilikua tayari mkononi mwake, akalichoma kwenye mpira wa dripu. "Presha imeshuka, nilikua naisubiri. Ganzi imelegeza mishipa ya miguuni damu imekaa huko chini. Vuta pumzi, inarudi." Dakika mbili hivi nikarudi duniani. Kwahiyo wakati mimi natazama taa yeye alikua ameshaliona linakuja!

Muda wote kakaa kichwani kwangu. Kuna kibano walinibana kidoleni, mashine inalia pi, pi, pi, nikamuuliza mbona haangalii namba. Akasema anasikiliza, hewa kwenye damu ikipungua ule mlio unashuka unakua mzito, kwahiyo hata akigeuka kuvuta dawa sikio liko kwangu. Namba yangu ilikua 98, nikaikodolea macho mpaka nikamaliza kushonwa.

Baada ya hapo nikatetemeka meno yanagongana, akaleta blanketi, akasema kawaida. Hakuniacha mpaka akamkabidhi nesi wa wodini kila kitu, presha ilivyokua, dawa alizonipa, nisisimame mwenyewe mpaka miguu irudi, na waangalie kama nimekojoa. Kidole gumba cha mguu kilirudi saa nane mchana, nilikichezesha kama mtoto. Mgongo uliuma siku mbili kweli, kichwa hakikuuma.

Siku ya kutoa nyuzi nimekaa kwenye benchi nikasikia sauti chumba cha pili mlango wazi. Sura yake sijawahi kuiona bila barakoa lakini ile sauti ningeijua hata Kariakoo sikukuu. "Mara ya mwisho umekula saa ngapi baba?" Mzee akajibu hajala kitu tangu jana. Bibi aliyekuja nae akaangalia chini.