Ibada yangu inafuata mwezi, siyo saa ya ukutani

Ninaandika haya kwa uchungu kidogo. Kuna dada tunayeanika naye dagaa Kibirizi, mwalo wetu wa kushushia samaki hapa Kigoma, ambaye ameacha kuja kwenye maombi. Ameambiwa kwamba asiyeamka saa kumi usiku kumwomba Mungu bado hajaokoka sawasawa. Mimi pia nilipewa maneno hayohayo na yalinitesa muda mrefu, kwa hiyo nimeona niseme nilivyotoka humo.

Asiyeijua kazi yetu aelewe kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Wanaifuata ile nuru, nao wavuvi wanawainua na wavu. Boti zinarudi alfajiri. Mwanamke anayetaka mzigo mzuri anakuwa mwaloni na beseni lake mapema, kabla wenye mitaji mikubwa hawajamaliza kuchagua. Saa kumi usiku kwangu ni saa ya kazi.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, alinipangia ratiba: saa kumi nipige magoti kwa saa nzima, nisome sura tatu, mchana nifunge, usiku nirudie. Nilijitahidi kweli. Nilikuwa nimepiga magoti kitandani huku nasikia injini za boti zikiingia moja baada ya nyingine, mdomo unasema "Baba yetu" na moyo unahesabu ndoo. Asubuhi moja ya masika nilikaza nikamaliza ile saa nzima. Nilipofika, waliobaki walikuwa dagaa walioanza kulainika. Nikawanunua hivyohivyo kwa sababu watoto walikuwa wanadaiwa michango shuleni. Mchana ikanyesha. Mvua ya Kigoma ikishuka kutoka vilimani haikupi nafasi ya kukimbia. Mzigo wote ukaishia kuwa chakula cha kuku, na hela iliyopotea ilikuwa kama laki moja hivi, ukiweka na ya kubebesha. Nilipomweleza mzee, akaniambia niliomba bila imani. Nikampa heshima yake, nikaondoka. Nililia njia nzima.

Kilichonifungua ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, nuru yake inatapakaa juu ya maji na taa haziwakusanyi tena dagaa, kwa hiyo wavuvi wanavuta boti nchi kavu wiki nzima au zaidi. Siku hizo nikawa nasoma Zaburi kwa utulivu, nikafika ya 81, panapotajwa panda, yaani baragumu, kupigwa mwandamo wa mwezi na wakati wa mbalamwezi. Nilisimama hapo. Nikarudi Kutoka 12: Pasaka ya Waisraeli ilichinjwa siku ya 14 ya mwezi, yaani mwezi ukiwa umejaa. Hata Pasaka yetu ni Jumapili inayofuata mbalamwezi ya kwanza tangu 21 Machi, ndiyo maana haitulii kwenye tarehe moja. Watu wa Mungu walikuwa wakitazama juu kujua siku za ibada zamani sana, kabla hata ya simu yenye alamu! Nilifurahi mpaka nikamwamsha mume wangu.

Tangu hapo nimegawa mwezi wangu sehemu mbili. Mbalamwezi ndiyo wiki yangu ya kusoma sana, kufunga, mikesha, na kutembelea wagonjwa. Giza likirudi, ibada inahamia kwenye chanja, yaani vile vichanja vya kuanikia dagaa.

Hili la chanja ndilo ninalolipenda kuliko yote. Dagaa lazima wageuzwe, la sivyo wanashikana na kuoza chini. Kila chanja nimeipa mtu. Ya kwanza ni ya watoto wangu, nikigeuza nawaombea mmojammoja mpaka mwisho wa safu. Ya pili ni ya wavuvi walioko majini, maana upepo wa ziwa hili umewahi kutuzika vijana. Ya tatu nimempa mteja mmoja aliyechukua mzigo kwa mkopo akazima simu. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito pale. Sasa namwombea vizuri tu, ingawa hela yangu bado naidai. Nikimaliza safu nimemaliza maombi, na dagaa wamegeuka. Wingu likitanda naimba pambio nikiwa navuta turubai, wenzangu wanaitikia. Usisubiri moyo utulie ndipo uimbe. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane wakiwa gerezani na miguu imefungwa.

Dada yule nimemwonyesha. Ameanza na chanja moja.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nilidhani mpango wangu umekufa. Hapakuwa na cha kugeuza. Nikaingia kwenye mawese, napima kwa vichupa barazani, faida ndogo sana, na kuna siku tulikula mhogo na mlenda tu. Ila mwezi haukufungwa. Mbalamwezi ilipotoka nilikesha kama kawaida, na nilirudia sana Habakuki 3, mtini usipochanua na zizi lisipokuwa na ng'ombe. Palipoandikwa mtini nilikuwa natamka dagaa, kisha naendelea na mstari wake: nitamfurahia Bwana.

Jumapili sinunui mzigo, hata giza liwe zuri namna gani. Wapo wanaosema ninatupa elfu thelathini, arobaini, kila wiki, na huenda ni kweli. Wale wa Jumamosi ambao hawajakauka ninamwachia jirani yangu wa chanja, mama Mwislamu wa Ujiji. Anawageuza kama wake. Ijumaa akienda kuswali nageuza za kwake, na jua likiwa kali nawaanua dagaa wake mwenyewe na kuwafunga kwenye gunia.