Jiwe la Stead, jina la Eliza

Treni ya Darlington iliondoka King's Cross, London, asubuhi, na mpaka tunaipita York nilikuwa sijagusa hata mkate niliobeba. Nilikuwa nasoma. Nimehariri gazeti Dar es Salaam kwa miaka 12, na muda wote huo William Thomas Stead, mhariri Mwingereza wa karne ya 19, amenikaa moyoni kama mwalimu ambaye hatujamaliza kubishana.

Darlington ni mji wa reli, kaskazini mwa Uingereza. Kutoka stesheni niliteremka kwa miguu mpaka Crown Street, na nje ya maktaba nikaliona jiwe: bonge lisilochongwa, lenye kibao. Enzi zake Stead alikuwa akifungia hapo farasi wake mdogo na mbwa wake. Niliweka kiganja juu yake. Lilikuwa limelowa kwa manyunyu, na baridi yake ikanipanda mpaka kwenye kiwiko.

Alikabidhiwa The Northern Echo, gazeti la mji huu, mwaka 1871, akiwa na miaka 22; alikuwa mtoto wa mchungaji, na mwenyewe alikuwa ametoka kuwa karani wa ofisi ya biashara Newcastle. Lilikuwa gazeti la nusu peni, na treni ziliwahi kulifikisha mbali kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi. Kabla ya kuanza kazi alimwandikia mchungaji mmoja kwamba hiyo ilikuwa nafasi tukufu ya kumshambulia shetani. Alimaanisha. Mwaka 1876, Wabulgaria walipochinjwa chini ya utawala wa Waturuki, ni huku mkoani, mbali na London, ndiko kalamu yake ilikowaka kuliko za wengi.

Kesho yake nilirudi London, nikatembea kando ya mto Thames hadi kwenye ukumbusho wake wa shaba, uliowekwa mwaka 1920. Maandishi yake yanasema umejengwa na waandishi wa habari wa nchi nyingi. Nilisimama pale kwa fahari. Huyu ndiye aliyezama na Titanic mwaka 1912 akielekea New York kuzungumza kwenye mkutano wa amani.

Lakini fahari yangu ina mwiba, na mwiba huo ni mtoto wa miaka 13.

Mwaka 1885 Stead, akiwa mhariri wa Pall Mall Gazette, gazeti la London, alitaka kuthibitisha kwamba mtoto wa kike ananunulika London. Akanunua mmoja. Jumla ilikuwa pauni 5. Eliza Armstrong, binti wa msafisha dohani, alichukuliwa kwao, akapelekwa kwa mkunga kukaguliwa kama ni bikira, akanusishwa klorofomu, dawa ya usingizi, katika danguro, kisha akavushwa mpaka Ufaransa. Hakuingiliwa. Stead aliandika yote kuanzia tarehe 6 Julai, na watu wakagombania gazeti mitaani. Agosti Bunge likapandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16. Wasichana wangapi sheria hiyo iliwakinga! Hilo silipuuzi hata kidogo.

Kwenye makala Stead alimwita Eliza kwa jina la Lily. Mimi pia nilifundishwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini: jina la mtoto aliyedhulumiwa haliandikwi. Ila maelezo yenyewe yalimfichua. Majirani walimtambua, mama yake akaenda kumlilia hakimu, kesi ikafunguliwa. Stead alifungwa miezi 3, kwa kuwa baba mtu hakuwa ameridhia mtoto achukuliwe. Kila mwaka tangu hapo, siku ya kumbukumbu ya hukumu yake, alivaa sare ya mfungwa na kutembea nayo mjini. Yeye alikuwa na sare ya kuonyesha. Eliza alibaki na nini? Nimehariri habari za watoto mara nyingi, na swali hilo hunirudia kila ninaposikia mwandishi akisema "lengo letu lilikuwa zuri".

Jioni nikaenda Lisson Grove, mtaa wa akina Armstrong. Nilizunguka vichochoro vyake nikisoma kila kibao ukutani, na jina lake sikuliona. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia kizingiti chake aliniona nikipita mara ya tatu, akainua ufagio.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

Nikamtajia.