Nilivyomchagulia kobe mchanga matandazo

Kobe wetu ni wa madoadoa, jamii ile ile inayotembea Serengeti na Tsavo, ila huyu alianguliwa kwa mfugaji hapa Marekani. Tangu mwaka 2000 ni marufuku kuingiza nchini humu kobe wa aina hii kutoka nje, kwa sababu kupe wao wanaweza kueneza ugonjwa wa moyo kujaa maji kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Alipofika kwetu Minnesota alikuwa anaenea kiganjani, na swali lililonisumbua kuliko chakula na taa ni hili: alale juu ya nini?

Wengi husema huyu ni mnyama wa nyika, basi apewe pakavu. Sikubaliani nao. Kobe mkubwa huvumilia ukavu, lakini kinda hushinda amejificha kwenye mashina ya nyasi na chini ya majani, penye unyevu. Mwaka 2003 Wiesner na Iben walichapisha utafiti juu ya makinda ya kobe wa sulkata, aina nyingine ya kobe wa Afrika: hewa kavu ndiyo iliyoinua magamba yao kuwa vilima, ilhali wingi wa protini kwenye chakula ulichangia kidogo tu. Baada ya kuusoma niliacha kutafuta matandazo laini, nikatafuta yanayoshika maji. Huku kwetu msimu wa baridi mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa mpaka midomo ya watu inapasuka, sembuse kobe.

Maranda, tuliyozoea kuwatandikia vifaranga nyumbani, niliyaweka kando mapema. Ya mwerezi na msonobari yananukia vizuri, lakini mafuta yanayotoa harufu hiyo huwasha mapafu. Mchanga mtupu nao humezwa pamoja na chakula na kuziba utumbo. Vidonge vya majani makavu vya sungura vikilowa huota ukungu. Gazeti halishiki unyevu, na linateleza. Miguu ya kinda inahitaji kitu cha kukwaruza na kuchimba.

Nikachagua udongo wa juu usio na mbolea wala dawa, nikauchanganya na unga wa makumbi ya nazi, takriban nusu kwa nusu. Soma mfuko kabla ya kulipa! Udongo mwingi wa maua una vile vipunje vyeupe vyepesi vya perlaiti, na kobe huvila. Nilitandaza kina kinachomtosha kujifukia mzima, na kwenye pembe anayolala nikaongeza magome ya miti ya kupandia okidi. Chakula hukila juu ya kigae bapa, asibugie matandazo.

Kulowesha ndiko kunakotaka uangalifu. Nabana konzi ya matandazo: yakishikamana bila kuchuruza maji, yako sawa. Maji nayamimina pembeni ili yalowe chini, juu pabaki pakavu kiasi, kwa sababu kobe anayelalia tope, gamba lake la tumboni huanza kuoza. Juu ya kizimba nimeweka kifuniko, na kipima unyevu hukaa kati ya asilimia 70 na 80. Chini ya taa joto ni nyuzi 32 hadi 35, na hata usiku sipaachi papoe, kwani unyevu ukikutana na baridi kobe hupata nimonia. Anayeshindwa kupasha joto usiku asianze kumwaga maji.

Gamba jipya linaloota kati ya kipande kimoja cha gamba na kingine linatoka laini. Daktari wa wanyama alitueleza kwamba kilima kikishainuka hakirudi chini, kwa hiyo miaka hii ya mwanzo ndiyo ya kuilinda. Kinyesi naokota kila siku, matandazo nayageuza kwa mkono kila wiki, na nikiona ukungu au kunusa uvundo nayatoa yote na kuweka mengine.