Sahani za Uchina Ngomeni

Sisi wazaliwa wa Mombasa, Ngomeni, yaani makumbusho ya Fort Jesus, tumewaachia wageni. Tunapita nje, tunanunua mihogo ya kukaanga, tunaingia zetu Mji wa Kale. Juzi nikaingia na shangazi. Mizinga na kuta za Wareno za 1593 tulizipita mbio, kwa kuwa yeye alichofuata ni vyombo.

Basi vyombo tukaviona. Sahani na mabakuli ya kauri ya Kichina, mengine yamefukuliwa magofuni Gede, mengine humo humo ngomeni, mengine yametolewa na watu waliokuwa wakiyakusanya majumbani mwao. Mimi nilinaswa na zile nyeupe zenye maua ya samawati. Zamani wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kauri huko Uchina, waliagiza madini ya rangi hiyo kutoka Uajemi. Yaani rangi ilitoka Uajemi ikaenda Uchina, ikapakwa kwenye sahani, sahani ikapita bandari za India na Ghuba, kisha upepo wa kaskazi ukaisukuma hadi pwani yetu, mtu akapakuliwa wali. Au hakupakuliwa. Kama alikuwa na tabia za shangazi, aliipamba ukutani na wageni wakaambiwa wasiiguse.

"Hizi si kama zilizokuwa zidakani kwa bibi yako?" akaniuliza.

Za bibi zilikuwa za juzijuzi tu, lakini kuzipanga kulikuwa kule kule: zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya chokaa, safu juu ya safu, kila sahani na mahali pake. Na si nyumbani tu. Mambrui, karibu na Malindi, liko kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Ndiyo maana nilikereka kidogo mbele ya vile vioo. Kibao kinakutajia karne, kinakutajia Uchina, na mwanamke wa pwani aliyesimama mbele ya shehena akasema "nataka ile" hatajwi popote. Mkusanyaji wa kwanza ni yeye.

Nyumba ya Waomani, humo humo ngomeni, tuliiona upesi. Ina mapambo ya fedha na upepo mzuri wa bahari. Shangazi alikuwa bado anazungumzia sahani. Kumbe za bibi zilizosalia anazo yeye Kibokoni, zimefungwa magazeti kabatini. Nimemwomba mbili.

Amesema nioe kwanza.