Nilivyomwaga oili ya difu mwenyewe na maji niliyoyakuta ndani

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ile ya zamani, modeli LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, ndo inayonilisha mimi na familia, napiga nayo mpunga na mbolea kati ya Ifakara, Lupiro na Malinyi, na wanaoijua njia ile wanajua masika inakuwaje, daraja la Kilombero ukishalivuka unamshukuru Mungu lakini huko mbele kuna sehemu unaingia maji yanafika kwenye hausingi ya difu kabisa, lile boksi la chuma kati ya matairi lenye gia za kugawa nguvu kwenye magurudumu, na huna pa kukwepea. Injini nilikuwa naijali sana, oili kwa wakati, filta kwa wakati. Difu ya nyuma, miaka minne tangu ninunue gari, hakuna aliyeigusa. Fundi mmoja aliwahi kuniambia oili ya difu haibadilishwi, unaongeza tu ikivuja, nikamwamini.

Masika iliyopita nikaanza kusikia mvumo nyuma. Ukifika spidi 60 unaanza vuuuu, ukiachia mafuta sauti inabadilika, ukikanyaga tena inarudi. Afu nikaona pale propela shafti, ile bomba ndefu inayoleta nguvu toka gia boksi, inapoingia kwenye difu pameloa oili na vumbi limegandia kama ugoro. Nina jirani, mzee mmoja ameendesha malori maisha yake yote, nikampelekea gari nyumbani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kabla hujaniambia habari ya sili, briza yako inapumua?"

Sili ni zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke, lakini briza, tundu la kupumulia la difu, nilikuwa sijui hata iko wapi. Akanionyesha, juu ya hausingi kuna kijitundu kina kifuniko kidogo, kile kifuniko kinatakiwa kichezecheze ukikigusa kwa kidole, changu kilikuwa kimeshikana na tope kavu kama kimechomelewa. Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho nataka kila mwenye pikapu ya vijijini akielewe. Difu ikitembea inapata moto, hewa ya ndani inatanuka, kama haina pa kutokea inasukuma oili kwenye sili, ndo ule uvujaji. Sasa na moto wake huo unaiingiza kwenye maji, inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta, na kwa kuwa briza imeziba inavuta kwenye zile zile sili, inavuta maji. Yaani difu inakunywa maji na wewe umekaa kwenye usukani huna habari.

Nikaamua naifanya mwenyewe, mzee akisimamia. Nikanunua galoni ya lita 4, na hapa kuwa makini sana, dukani ukisema "nipe oili tisini" unapewa yoyote. Soma kopo, mimi nilichukua 80W-90, huo ni uzito wa oili, yenye GL-5, hilo ni daraja lake la kulinda gia. Meno ya difu yanasuguana kwa kuteleza huku yamebeba mzigo wote wa gari, ndo maana yanataka hiyo GL-5, iliyoandikwa GL-4 peke yake usiweke kwenye difu. Na kama difu yako ni ile ya LSD, inayozuia tairi moja lisizunguke bure, inahitaji oili yake, ulizia kwanza. Yangu ni ya kawaida.

Niliendesha kama kilomita 15 ili oili ipate moto iwe nyepesi, nikaegesha pasawa kabisa, mawe kwenye matairi, gia ndani, hendibreki juu. Sikupiga jeki kwa sababu gari yenyewe iko juu unaingia chini bila shida, na ukiinua upande mmoja kipimo cha oili kinakudanganya. Nikashika spana namba 24 nikaenda moja kwa moja kwenye nati ya chini, ya kumwagia. Mzee akanizuia. "Fungua ya juu kwanza, ile ya kujazia. Ikigoma, hujapoteza kitu. Ukimwaga afu ya juu ikagoma, gari inalala hapo hapo haina oili." Na kweli iligoma! Nikapiga brashi ya waya kuizunguka, nikamwagia mafuta ya kulainisha, nikasubiri kama nusu saa, nikagonga gonga kwa nyundo taratibu, nikavalisha boksi spana kamili maana ile ya mdomo wazi ingekula kona za nati, mpini nikaurefusha kwa kipande cha bomba. Ikaachia kwa mlio nikadhani imekatika.

Ya chini ilitoka kirahisi. Kilichomwagika kwenye beseni sikutegemea, kilikuwa chai ya maziwa. Rangi ile ile, na povu juu. Oili ikichanganyika na maji ndo inakuwa hivyo, na meno yangu yamekuwa yakisagana ndani ya hiyo chai sijui masika ngapi. Niliumia sana aisee. Nati ya chini ina sumaku, ilikuwa imevaa tope jeusi la chuma, nikalipangusa nikalisugua kati ya vidole, laini kama grisi. Mzee akasema laini ni msuguo wa kawaida, ungehisi vipande au punje zinazochoma tungekuwa tunaongea habari ya kushusha difu.

Niliacha ichuruzike mpaka tone la mwisho, nikafunga ya chini kwa washa mpya, ile pete ya kuzuia uvujaji. Kujaza pale chini ni shida, galoni haiingii, wengi wanatumia pampu ya mkono, mimi sina, nikachukua mpira mwembamba wa mita moja na nusu, ncha moja kwenye tundu, nyingine nikaipitisha juu ya tairi mpaka kwenye bodi, mtoto wa dada akashika faneli akawa anamimina kidogo kidogo huku mi niko chini naangalia. Inaingia polepole kama asali, usikate tamaa. Iliingia lita mbili na kidogo ikaanza kuchuruzika kwenye tundu lenyewe, hapo ndo imejaa, acha imalize kuchuruzika afu funga. Kukaza ni spana bila bomba.

Briza niliing'oa, nikaiosha kwa dizeli mpaka kifuniko kikacheza. Oili chafu niliitia kwenye dumu, watu wanapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, mi nilipeleka gereji wanakokusanya, kwetu maji ni ya kisima siwezi kuimwaga chini.

Baada ya kama kilomita 100 nikamwaga tena, hiyo oili mpya, kwa sababu maji hayatoki yote mara moja. Ilitoka na ukungu kidogo. Nikajaza ile iliyobaki kwenye galoni, ikapungua nikaongezea kopo la lita moja la aina ile ile. Uvujaji wa propela umekauka bila kubadilisha sili. Mvumo umepungua lakini haujaisha, mzee anasema beringi ya pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela, imeshaliwa na maji na itabidi ibadilishwe kabla ya mavuno, nimeshaanza kuiwekea hela. Wiki hii nalala chini ya gari tena, nataka kufungua difu ya mbele nione nayo imekunywa kiasi gani.