Kabla ya kuficha jiokeshi, angalia mtafutaji atasimama wapi

Jiokeshi ni kopo lenye karatasi ya kusaini, linalofichwa ili wengine walitafute kwa GPS ya simu. Anayelificha kwa mara ya kwanza huanza kwa kutafuta tundu: pango la mti, ufa wa ukuta, uvungu wa jiwe. Nashauri uanze na miguu ya mtafutaji. Mgeni huyo atakaa hapo dakika kumi au zaidi, simu mkononi, akiinama, akichungulia na kupapasa. Simama hapo ufanye hivyo hivyo, mchana na jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Mlinzi akikujia kuuliza shida yako, atamuuliza kila atakayekuja, na siku moja kopo litaondolewa.

Kwa hiyo achana na kambi za jeshi, vituo vya polisi, balozi, benki, madaraja, shule na transfoma za umeme. Katika nchi kadhaa polisi wa mabomu wameshalipua makopo ya mchezo huu kwa kuyadhania mabomu. Tumia kopo linaloonyesha kilichomo, andika nje kwamba ni jiokeshi, na uweke ndani karatasi ya Kiswahili inayoeleza mchezo kwa atakayelikuta bila kulitafuta. Mibuyu nayo inavutia, lakini mingi ni mahali pa matambiko. Ukiona kitambaa chekundu, chetezo au sarafu shinani, usiguse kitu, tafuta kwingine.

Ruhusa ya mwenye eneo ni lazima, na mwenyekiti wa mtaa au chifu naye ajue. Zaidi ya hao, zungumza na wanaoshinda hapo: mama lishe, vijana wa bodaboda, mlinzi wa zamu ya usiku. Wakijua kopo ni la nini watalilinda kuliko kufuli.

Ufukweni kinachoharibu mambo ni maji. Mtu hufika siku za maji mafu, bahari isipopanda sana, akaona mwamba mkavu, akaficha. Bamvua ikija, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3 katika pwani yetu, na kopo linakwenda na bahari. Soma mwamba wenyewe: ukipapasa ukakuta maganda ya chaza, maji hufika hapo. Tafuta mstari wa juu kabisa wa mwani uliokauka, kisha panda angalau mita moja zaidi.

Kuchimba hakuruhusiwi bila idhini ya wazi ya mwenye eneo, wala kupigilia misumari kwenye mti. Ndoo ya kwanza ya mchezo huu, aliyoiweka Dave Ulmer karibu na Beavercreek, Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, ilikuwa imefukiwa nusu, lakini bila idhini hiyo kanuni za leo za tovuti ya mchezo, Geocaching.com, zingeikataa. Zinataka pia mita 161 kati ya kopo na kopo, basi angalia ramani ya makopo yaliyopo kabla hujapenda mahali.

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vizuri mno kwa mchezo, ila kuta ndefu huficha anga na kurudisha mawimbi ya setilaiti, simu ikakuonyesha mtaa wa pili. Hata penye uwazi simu hukosea kama mita 5. Pima latitudo na longitudo ya mahali kwa simu, tembea mita 30, rudi kwa upande mwingine, pima tena. Fanya hivyo mara kadhaa katika siku mbili tofauti, uchukue wastani. Namba hizo huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu. Huku kwetu karibu na ikweta, tarakimu ya tatu baada ya nukta ya dakika ni takribani mita 1.85 kwa latitudo na kwa longitudo, hivyo ukikosea tarakimu ya pili umempotosha mtu karibu mita 18. Kwenye vichochoro ongeza kidokezo cha wazi.

Kopo liwe na klipu pande nne na mpira kwenye mfuniko. Lijaribu: weka karatasi kavu ndani, lizamishe kwenye ndoo chini ya jiwe usiku kucha. Weka penseli, maana wino huchuruzika kwa unyevu. Chakula na sabuni yenye harufu usiweke kabisa, kima watalifungua kwa meno. Lisiguse udongo penye mchwa, na lisipigwe na jua la mchana, kwani plastiki hukakamaa ikapasuka.

Chagua mahali unapoweza kufika wewe mwenyewe mtu akiripoti tatizo. La kuachwa na mtalii anayerudi kwao kwa kawaida halikubaliwi. Lipitie baada ya masika na baada ya vuli: badilisha karatasi iliyoloa, futa mpira wa mfuniko kwa kitambaa, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kuingiza maji.