Kuchora Jakaranda Zinapochanua Nairobi

Baridi ya Julai ikishaondoka na wingu zito likafunguka juu ya Nairobi, jakaranda huanza kuchanua. Kuanzia Septemba hadi mvua za vuli zinapokolea, jiji huvaa zambarau ambayo hulioni nayo sehemu kubwa ya mwaka. Huu ndio msimu unaoniamsha baada ya miezi ya kijivu, na nimeona kwamba hamu ya kuchora hurudi haraka zaidi nikijipunguzia uhuru: mti mmoja, saa ileile, rangi tano za akriliki, ubao mdogo. Anayetoka nyumbani kutafuta kitu chochote kizuri cha kuchora humaliza asubuhi akizunguka.

Napenda Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa 1907, kwa sababu kuna nyasi za kuketi na kivuli cha kuweka paleti. University Way na pembezoni mwa Uhuru Park kuna jakaranda kubwa pia, ila huko utachora umesimama, na vumbi la barabarani hushika rangi mbichi. Kwenye State House Road usisimamishe stendi ya kuchorea ukielekea malango ya Ikulu. Ni eneo la ulinzi.

Saa ina uzito kuliko mahali. Mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi wa Nairobi, vivuli hujikunja chini ya shina, na taji la mti huonekana bapa. Nafanya kazi saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi na nusu hadi jua linapokaribia kuzama. Hapo mwanga huja kwa ubavu na mti unapata upande wa jua na upande wa kivuli. Oktoba ikisonga, chagua asubuhi, kwa sababu mvua hupenda kuja alasiri.

Ubao wangu ni MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ya milimita 3, iliyokatwa sentimita 20 kwa 25. Naupiga msasa mwepesi, naupaka jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza. Pakeni na upande wa nyuma mara moja. Ubao uliopakwa uso mmoja tu hupinda. Jeso ikikauka natandaza oka ya manjano iliyozimuliwa kwa maji. Zambarau juu ya nyeupe tupu huonekana kama chaki, lakini oka ikichungulia katikati ya mipako huifanya iwake, kwa kuwa manjano na zambarau hukabiliana kwenye gurudumu la rangi. Sharti oka iwe imekauka kabisa. Ikiwa mbichi, vitachanganyika na utapata kahawia.

Sasa zambarau yenyewe, na hapa ndipo wengi hukwama. Naichanganya kwa altramarini, ambayo ni buluu, sehemu 2 na majenta ya kwinakridoni, nyekundu inayoelekea zambarau, sehemu 1. Kwenye lebo ya tyubu tafuta alama za rangi hizo, PB29 na PR122. Nyekundu ya kadimiamu haifai kabisa, maana imeegemea umanjano, na umanjano huua zambarau. Zambarau ya tyubu yenye alama PV23 ina nguvu sana, lakini ikizimuliwa kwa nyeupe nyingi haivumilii mwanga kwa miaka mingi, kwa hiyo siitumii kwa maua ya upande wa jua.

Mchanganyiko huo naugawa mafungu matatu. La upande wa jua lina sehemu 1 ya zambarau kwa 4 za nyeupe ya titani, na tone la majenta. La kati ni nusu kwa nusu. La kivuli halina nyeupe hata kidogo, lina siena iliyochomwa, kahawia yenye wekundu, kidogo tu ya kulituliza. Akriliki hukoza ikikauka, basi fungu la jua liwe jeupe kuliko unavyoliona mtini. Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi, usubiri kikauke. Septemba hewa ni kavu na rangi hukauka paletini upesi. Dawa yake ni mkebe bapa wa chakula wenye kitambaa kilicholowa chini, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi juu ya karatasi.

Anza na kivuli kwa brashi pana, mti mzima ukiwa makundi matatu au manne makubwa. Jakaranda huchanua matawi yakiwa karibu matupu, kwa hiyo mifupa ya mti inaonekana, itumie. Kisha rangi ya kati, kisha jua. Ukianza kwa kudonoa ua mojamoja, mti utabaki kama kitenge cha madoadoa, hauna uzito wala mviringo. Mbingu inayochungulia katikati ya matawi ipake iwe nzito kidogo kuliko mbingu wazi. Ikiwa sawa, matundu yataruka mbele ya maua.

Maua yaliyoanguka yanahitaji jicho lingine, na kwangu ndiyo yanayovutia kuliko yote. Yaliyo kivulini huelekea buluu kwa sababu yanaangazwa na mbingu, yaliyo juani huelekea waridi, na yaliyokanyagwa yana kahawia. Juu ya lami nyeusi huonekana meupe kuliko yalivyo, basi pakeni lami kwanza, ndipo mpime rangi ya ua.

Simu si ya kuaminika kwa kazi hii. Kamera mara nyingi huivuta jakaranda kwenye buluu. Picha natumia kwa umbo la matawi tu. Nyuma ya kila ubao nabandika vipande vya majaribio ya rangi, na kando ya kila kimoja naandika vipimo, saa na hali ya mawingu. Mvua zikishamaliza maua, hivyo vipande ndivyo ninavyofuata nikikuza mchoro mmoja kwenye kanvasi.